Wimbo wa Kumuaga Fabricio

Fabricio Londoño alirudi mto Guapi na kamera zake, meno yote nje. Eneida Grueso alimtazama akishuka kwenye boti, damu ikamchemka. Miaka tisa! Miaka tisa tangu mwanamume huyu amrekodi Pastora, mama yake Eneida, akiimba kwa filamu yake kuhusu Weusi wa pwani ya Kolombia. Siku ilipoonyeshwa ukumbini, Mama alivaa gauni lake la Pasaka, akawaita majirani, akangoja jina lake. Mwishoni yakaja maandishi: "Mwimbaji: mwanamke asiyejulikana." Asiyejulikana, kwenye mto ambao hata mbwa walimjua! Mama hakuimba tena mpaka anazikwa.

Safari hii Fabricio alitaka wimbo wa kuaga maiti. Waimbaji wa mtoni wakaguna. Wimbo huo hauimbwi bila maiti, ni kujiitia kifo.

"Basi lala wewe," Eneida akamwambia. Sasa naye alikuwa na kamera yake, na filamu yake aliyokuwa akiitengeneza. "Mpigapicha wako akae kule, mimi nitakurekodi kutoka huku."

Fabricio akacheka. "Wazo zuri sana! Nitakuwa maiti mtanashati."

Shangazi Leocadia akamvuta Eneida pembeni. "Wee mtoto, unataka kumuua mtu wa watu?"

"Simuui, shangazi. Namzika tu."

Wakamlaza mezani, shuka jeupe mpaka kidevuni, mishumaa minne pembeni. Wanawake wakaimba kwa machozi ya kweli, maana kila mmoja alikuwa akimlilia Pastora. Fabricio alifumba macho akitabasamu, mjinga wa watu.

Filamu ya Eneida ilionyeshwa mjini Cali. Fabricio akaja na mkewe na marafiki tele, akakaa mstari wa mbele. Kila sura yake ilipotokea, alimgusa mkewe kwa kiwiko. Kisha yakaja majina. Pastora Grueso kwanza, kwa herufi kubwa. Leocadia akafuata, na waimbaji wengine wote, kila mmoja na jina la mto anakotoka. La mwisho likaja peke yake: "Maiti: mwanamume asiyejulikana."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fabricio akasimama, uso mwekundu. "Asiyejulikana vipi? Si nyote mnanijua!"

"Hata mama yangu walimjua," Eneida akajibu kutoka nyuma. "Kaa chini, marehemu."