Gari Lililonyooka Kikima Tu

Mimi sijawahi kunywa pombe. Naanza na hilo kwa sababu ukimuuliza mtu yeyote pale Kikima atakuambia vingine, tena atakutajia siku na mahali, na aliyemwambia ni mimi mwenyewe.

Mwaka wa 1986 nilikuwa dereva wa kanisa. Gari la kanisa lilikuwa Pijo 504, ile ndefu ya safu tatu za viti, na shida yake ilikuwa moja: ilifanana na matatu. Siku ya soko hatukuweza kupita. Watu walitupungia mkono, na tusiposimama walitutukana. Siku moja mama mmoja alifungua mlango tumesimama tukingoja ng'ombe wavuke, akampakatisha Pasta Kivuva kuku wawili na kumwambia asogee. Pasta akasogea, maana yeye ni mtu wa kusogea, na tukambeba yule mama mpaka Tawa.

Mzee Nzioka, mwenyekiti wa kamati ya kanisa, hakuwa mtu wa kusogea. Alikuwa ameyaona magari ya wakubwa Nairobi.

"Gari ya heshima inakaa chini," alisema. "Hii yetu imesimama tu ikitafuta abiria."

Akaleta springi fupi kutoka Nairobi, na kazi ya kuzifunga akampa shemeji yake Ndolo, ambaye ni fundi wa kujenga nyumba. Niliuliza kwa nini mwashi. Nikaambiwa gari na nyumba vyote vinakaa juu ya msingi, na niache maswali mengi.

Penye wazee haliharibiki neno, kwa hiyo wazee wote walikuja kutazama. Ndolo alizifunga springi hapo hapo kwenye uwanja wa kanisa. Sasa, uijue Kikima. Sisi tuko milimani Mbooni. Kwetu ukiangusha kitunguu unakifuata kwa jirani wa chini, na uombe umkute hajakitia sufuriani. Uwanja wa kanisa tunauita tambarare kwa sababu mtu anaweza kusimama hapo bila kushika kitu. Gari liliposhushwa juu ya springi mpya liliinamia upande wa bondeni, na ndivyo ilivyopasa. Ndolo akatoa pima maji yake ya ujenzi, akailaza juu ya paa la gari, akatikisa kichwa. Akakata vipande vya tairi kuukuu akavishindilia kwenye springi za upande wa bondeni, kipande juu ya kipande, mpaka kile kiputo cha hewa kikatulia katikati. Wazee wakapiga makofi. Pasta akaomba, nasi tukaitikia amina.

Pale uwanjani gari lilikaa sawasawa kabisa. Nilipolitoa barabarani, likaegemea kushoto na kuanza kuvuta kushoto. Ukiliachia linaenda mtaroni. Ukilirudisha linapitiliza, unalirudisha tena. Waliokuwa kando ya barabara waliona dereva anayetoka huku akienda kule. Tairi za mbele nazo zikaanza kulika upande wa ndani. Nikaenda kwa Mzee Nzioka.

"Mzee, gari inavuta kushoto."

"Gari haina mikono, Kisilu. Nani anashika stering?"

Minong'ono ikaanza. Mwezi wa Agosti mke wangu Mbula alijifungua mtoto wetu wa kwanza, na siku ya kutoka hospitalini kamati ikanikubalia niende kumchukua na gari la kanisa. Sikufika. Gari lilivuta kushoto kwenye changarawe likaniingiza mtaroni, na Mbula akakaa kwenye benchi na kichanga kuanzia asubuhi mpaka jua likatua. Watu wakasema nilikuwa nimelewa, nikisherehekea mtoto. Mbula aliwacheka.

"Kisilu wangu?" aliwaambia wanawake sokoni. "Huyu hata soda inamtoa machozi."

Aliyasema hayo sokoni, akayasema kisimani, akayasema mlangoni pa kanisa. Katika Kikima yote aliyeniamini alikuwa yeye peke yake, na alinitosha.

Kamati ikanipa onyo la mwisho. Kosa lingine, kazi imekwisha. Kazi nyingine sikuwa nayo, na shamba langu lilikuwa la kupanda maboga mawili.

Oktoba nikampeleka Pasta Kivuva semina ya siku mbili Kitui. Nilipomshusha tu nikaenda kwa Jabiri, fundi wa magari ambaye wazee wake walitoka pwani, na ambaye gereji yake ina sakafu ya simenti. Aliliona gari likiingia, akaweka kikombe chake cha kahawa chini.

"Gari hili nani kalivunja mguu?"

"Ilipimwa na pima maji, fundi. Ilikuwa sawa kabisa."

"Ikapimwa wapi?"

"Uwanja wa kanisa. Kikima."

Jabiri alicheka mpaka akashika ukuta. "Kikima kuna tambarare, bwana? Hao hawakupima gari, wamepima mlima wao."

Alitoa vipande saba vya tairi, akavirushia kwenye buti. Akazungusha uzi kwenye magurudumu, akanionyesha jinsi yale ya mbele yalivyokuwa yamepeana mgongo, kila moja na safari yake. Akazungusha vyuma vya stering, akapima, akazungusha tena. Adhana ilipolia alienda kuswali, akarudi, akamaliza. Springi zilikuwa fupi bado, lakini gari lilisimama wima kwa miguu yote minne.

Wakati wa kurudi, tulipopita soko la Kwa Vonza, niliachia stering kidogo nione. Gari likaendelea mbele, likafuata barabara. Nikaliachia tena, kwa furaha tu. Pasta Kivuva alikuwa amelala, jambo ambalo hakulithubutu tangu springi zifungwe. Alipoamka tulikuwa tunapanda Mbooni. Akanishika bega.

"Ndugu Kisilu, Bwana asifiwe. Naona umewacha pombe."

Nilinyamaza kwa heshima. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

La pili lilikuwa kuegesha pale pa siku zote. Gari sasa lilikuwa sawa na uwanja haukuwa sawa, kwa hiyo gari likainamia bondeni. Mzee Nzioka akatoka, akatazama, akamwita Ndolo. Ndolo akaja na pima maji yake, na kiputo kikakimbilia pembeni.

"Huyu ameharibu gari ya kanisa," Ndolo alisema.

"Si gari, Mzee," nikamwambia Nzioka. "Ni uwanja. Uwanja umeinama."

Mzee Nzioka akanigeukia.

"Unasema kanisa imeinama?"

"Si kanisa, Mzee, ni hapa chini—"

"Hapa chini palichimbwa na baba zetu. Imeombewa miaka arobaini. Sisi sote tumesimama hapa na tunaona iko sawa. Wewe peke yako unaona ardhi imelala upande. Ni mtu gani huona ardhi ikilala upande?"

Wazee wakajibu pamoja, kama wanaitikia wimbo: "Mlevi."

Nikasema gari lilitengenezwa na Jabiri wa Kitui. Wakasema basi ndiye niliyekunywa naye. Nikasema Jabiri ni Mwislamu, hagusi pombe. Karani wa kamati akafuta, akaandika kwamba nilikunywa peke yangu. Nilimtazama Pasta anisaidie, naye akasogea nyuma ya Ndolo.

Mzee Nzioka alinivuta kando, akanieleza kwa upole wa kweli. Dereva mlevi hufukuzwa. Dereva aliyetubu ni ndugu. Ataketi benchi la nyuma miezi mitatu, hatashiriki Meza ya Bwana, lakini kazi anabaki nayo.

"Na iwe na maelezo, kijana. Toba bila maelezo haishiki."

Nilipewa siku mbili nifikirie. Niliona haya kumwambia Mbula. Nikajidanganya kwamba akisikia atajua ni maneno ya kuokoa ugali, maana ananijua.

Jumapili nikasimama mbele ya kanisa. Nikasema nilikuwa mlevi. Wakangoja. Nikasema nilikunywa kaluvu, ile pombe yetu ya kienyeji, kule Kitui, nikimngoja Pasta. Wakazidi kungoja. Mzee Nzioka akanisaidia.

"Na siku ya mtaro?"

Mdomo ulikuwa umeshashika mwendo. Nikasema ndiyo, hata siku ile. Nikasema vibuyu viwili, kabla ya kuingia mtaroni, na kwamba nilikuwa nimemsahau mke wangu kabisa. Nilikuwa nimeanza kuisimulia vizuri, Mungu anisamehe. Kanisa likalipuka kwa wimbo, akina mama wakapiga vigelegele. Mbula alikuwa analia na mtoto mgongoni. Mama Kalunde, aliyeketi karibu naye, alimkumbatia na kumwambia amshukuru Mungu kwa machozi ya furaha.

Jumatatu Ndolo alivirudisha vipande vyote saba na kuongeza cha nane. Gari likayumba kuliko zamani. Lakini sasa nilikuwa mtu aliyetubu, kwa hiyo watu wakiniona natoka huku nikienda kule walisema serikali iangalie hii barabara.

Jumatano Mbula aliniketisha.

"Nilikuwa kwa ile benchi na mtoto wa siku tatu," alisema. "Manesi wakisema umelewa. Mimi nikiwaambia bwana yangu hawezi."

Nikamweleza yote: springi, mlima, Jabiri, kamati, kazi. Nikamwambia ile toba ilikuwa uongo kuanzia neno la kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akimpapasa mtoto mgongoni.

"Kwa hivyo unaweza kusimama mbele ya Mungu udanganye hivyo," alisema, "na mimi nilikuwa nakuangalia macho na sikujua."



Nikirudi jioni bado huja mlangoni kunipokea koti. Anasogea karibu, ananiuliza habari za kazi, na nikifungua mdomo kujibu, ananinusa.