Glasi Isiyo na Sisimizi

Alichovya mrija kwenye glasi, akaziba ncha ya juu kwa kidole, akauinua na kuachia tone moja juu ya ulimi wake. Alifumba macho kama alivyozoea. Tone lilikuwa baridi. Zaidi ya ubaridi huo hapakuwa na kitu: si limau, si sukari, si ule ukavu wa chai ya rangi aliyoikoleza mpaka ikawa nyeusi kama dawa ya viatu. Akameza, akangoja, akajiona mjinga kwa kungoja.

Kazini walimwita Ulimi. Jina hilo alipewa na meneja mwenyewe, enzi hizo hoteli ikiwa mpya na yeye bado ana nywele kichwani, baada ya kuonja tone la shira na kusema kwamba sukari imeungua pembeni mwa sufuria. Mpishi alibisha, wakaenda kutazama, wakakuta weusi umegandia pale pale aliposema. Tangu hapo wageni walikuwa wakimwulizia kwa jina hilo, na hata mkewe, akitaka kumchokoza, alimwambia, "Ulimi wa hoteli, njoo uonje mboga ya nyumbani." Kisha ikampitia homa. Homa yenyewe ilipoa, tena upesi, lakini ilipoondoka iliondoka na ladha zote, kama mgeni aliyeaga kwa adabu kumbe amebeba vijiko.

Hakumwambia mtu kazini. Angemwambia nani? Mtu wa kaunta ya vinywaji asiyeonja ni sawa na dereva asiyeona, na walioitaka kaunta ile walikuwa wengi kuliko viti vyake. Alijificha nyuma ya vipimo. Wiski ni ile ile, kipimo ni kile kile, na vinywaji vingi vilitoka salama. Vilivyomshinda ni vile vichachu. Kinywaji kichachu hakiendi kwa kipimo peke yake, kwa sababu limau moja si sawa na jingine: hili limeivia juani, lile limechumwa bichi, na shira inayolituliza la kwanza haifui dafu mbele ya la pili. Hapo ndipo ulimi wake ulipokuwa ukifanya kazi. Siku chache zilizopita mgeni mmoja alionja, akaisukuma glasi mbele taratibu, akaagiza soda. Meneja aliona.

Na kesho alasiri meneja huyo atakaa mbele ya kaunta pamoja na wenye hoteli, waonjeshwe vinywaji vichachu vipya ambavyo Ulimi ndiye wa kuvibuni. "Ukiniangusha hapo," meneja alimwambia, "nitakupeleka stoo ukapange kreti." Walicheka wote wawili, ingawa mmoja wao hakuwa akitania.

Ndiyo maana siku yake ya mapumziko ilikuwa inaishia jikoni kwake, katikati ya maganda ya malimau. Mkewe, ambaye tangu homa ile ndiye aliyekuwa akimwonjea, alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikuwa sebuleni, umbali wa pazia tu. Pombe haikuwahi kupita kooni mwa mwanamke yule, wala hakutaka ianze sasa. Kwa hiyo Ulimi alibadilisha kinywaji kimfuate yeye: mahali pa wiski aliweka chai ya rangi, apate ule ukavu unaokamata mashavu. Wiski angeipima kesho kwa mkono. Leo alitafuta mizani ya limau na sukari tu, na kwa hilo kinywa chochote kizima kingetosha. Hata ute wa yai, ule unaotikiswa na barafu mpaka ukatoa povu zito juu ya glasi, hakuutia, maana povu hulainisha mambo na kuficha makosa.

"Mama watoto," aliita. "Njoo tena kidogo."

Mkewe aliingia na pini zimechomekwa kifuani mwa gauni. "Nimeacha pasi inachemka. Tumbo langu limeshakuwa shamba la malimau, baba."

"Onja hii. Na useme kweli."

Akanywa funda moja, akageukia dirishani huku akimeza. "Nzuri."

"Nzuri vipi? Kali? Imezidi sukari?"

"Nzuri. Zile zilikuwa nzuri, ila hii imezipita. Hii ndiyo."

"Kweli?"

"Hii hii. Usiiguse tena."

Alipobaki peke yake, Ulimi alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Aliitenga ile glasi pembeni ya zile zilizotangulia, kama mtu anayemtenga mtoto aliyefaulu, akatoka kukaa kizingitini mwa mlango wa nyuma. Alivuta pumzi ndefu ambayo alikuwa hajaivuta tangu homa ile. Kesho itapita, alijiambia. Ladha itarudi polepole, na hakuna mtu kazini atakayejua.

Aliporudi kuosha vyombo, sisimizi walikuwa wamemtangulia. Walitokea kwenye ufa chini ya dirisha, wakashuka ukutani kwa mstari, wakavaa midomo ya glasi za mwanzo mpaka ikawa myeusi. Ile glasi bora ilikuwa peke yake. Mstari wa sisimizi uliipita kando. Mmoja aliipanda, akapapasa ukingo, akashuka zake kama mtu aliyebisha hodi nyumba isiyo na watu. Ulimi aliichukua, akaiweka katikati ya njia yao. Wakaizunguka.

Alisimama hapo akiwatazama wadudu, kisha akazigeukia chupa.

Chupa zilikuwa mbili, zinafanana, zote zina kitu cheupe kinachong'aa: moja ya shira, moja ya maji ya kunywa. Kama ilivyo kwenye kaunta, alikuwa ameipanga shira kushoto na maji kulia, ili mkono uchukue bila kusumbua macho. Alitia tone la kila chupa kati ya vidole. La kulia lilinata. La kushoto lilikuwa maji. Hapo akakumbuka kwamba mkewe, kabla ya glasi ile, aliingia kuchukua maji ya kunyunyizia suruali aliyokuwa akiipiga pasi, na kwamba chupa aliirudisha kushoto, upande wa shira.

Chupa kubadilishana nafasi ni jambo la kawaida, na hilo halikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba mkewe alikunywa limau na chai kavu, bila chembe ya sukari, akasema hii ndiyo.

Alipita pazia akiwa na glasi mkononi. "Kunywa tena."

"Si nimeshakwambia..."

"Haina sukari."

Mkewe aliisimamisha pasi.

"Nimetia maji," alisema Ulimi. "Umekunywa limau tupu ukaniambia nisiiguse. Kesho ningewapa wenye hoteli maji ya betri!"

"Nilijua ni kali. Ilinikata mpaka masikioni."

"Sasa kwa nini?"

"Kwa sababu kila nikisema bado, unazeeka mbele ya macho yangu. Mara ya kwanza nilisema bado, ukakaa juu ya ndoo ukashika kichwa, na chakula hukugusa. Nikaona heri niseme nzuri, ule, ulale."

"Ina maana tangu wakati ule unanidanganya?"

Mkewe akawa anakunja suruali ambayo ilikuwa imeshakunjwa.

Ulimi alitaka kupasua glasi ukutani, lakini hasira ilimfika shingoni ikaishia hapo. Vipimo vya kinywaji alichokirudisha yule mgeni vilitoka kwenye meza hii, kwenye lile neno "nzuri" la mwanamke huyu. Majuma yote hayo alikuwa akipima kwa huruma badala ya limau. Na kesho ilikuwa kesho. Aliketi juu ya rundo la vitambaa vya wateja, jambo ambalo siku nyingine lingemletea matusi.

"Naogopa," alisema. Hakuwahi kulisema neno hilo tangu wajuane. "Nikipelekwa stoo, mimi ni nani? Mtu gani ataitwa Ulimi akibeba kreti?"

Mdomo wa mkewe ulifunguka, na Ulimi alijua ulikuwa unatafuta uongo mwingine mtamu. Kisha ukafungika. Ndipo alipokumbuka kwamba kila mara, kabla ya kumeza, mkewe aligeukia dirishani.

"Njoo jikoni," alisema Ulimi akiinuka.

Alikata limau jipya. Alipima chai, akainua chupa ya shira kwenye mwanga na kuinamisha, akaona jinsi inavyotiririka kwa uvivu, akatia kidogo tu. Akavuta kigoda, akakiweka dirishani, akamkalisha mkewe uso kwa uso naye.

"Usiseme kitu. Usiseme nzuri, usiseme mbaya. Kunywa, unitazame."

"Uso wangu utaonja nini?"

"Uso wako hauna huruma kama mdomo wako."

Mkewe alitabasamu bila kupenda, akanywa. Jicho la kushoto likafumba lenyewe, na mshipa ukasimama shingoni. Ulimi akatia shira, akakoroga. Mara ya pili jicho lilibaki wazi, lakini midomo iliingia ndani. Akatia tena. Alimwinamia karibu mno, akamsoma kama alivyozoea kufumba macho na kuusoma ulimi wake, na ilimshangaza kuona mikunjo ambayo hakujua ilianza lini. Mara ya tatu nyusi zilitulia, taya ikasogea kidogo tu.

"Na kesho," aliuliza mkewe, akiwa amesahau kwamba amekatazwa kusema, "mbele yako atakaa nani?"

Ulimi alimwona meneja akilini, na wenye hoteli, watu waliozoea kuonja vitu bila kuonyesha chochote. "Kunywa tena," alisema.

Akanywa glasi ile ile iliyokuwa imezituliza nyusi zake. Macho yake yakajaa, chozi moja likashuka kando ya pua, naye hakulifuta. Ulimi aliutazama uso huo, uso pekee uliobaki wa kumwambia ukweli, asijue umemwambia nini.

"Ni limau?" aliuliza.

Mkewe aliitikia kwa kichwa, haraka.

Akainua chupa kwenye mwanga, akahakikisha kwamba ni shira, akaongeza tone.