Kura Moja ya Harker Mashariki

Redio ilitangaza Jumanne asubuhi kwamba jimbo la Harker Mashariki limefutwa, na wapiga kura wake watagawanywa katika majimbo mawili ya jirani. Icilda Pinnock aliizima, akavaa viatu vya kanisani, akavuka mto kwenda kwa kaka yake Linval. Walikuwa hawajasemezana kwa miaka kumi na tisa.

Icilda alikuwa wakala wa chama chake kwa chaguzi sita. Mwaka ule walipokosana, kimbunga kiliezua upande wa Linval wa nyumba ya mama yao, naye akapanga chumba ng'ambo ya mto, nje ya jimbo, hadi apate mabati. Siku ya kura alikuja kupanga foleni, akiwa amevaa rangi za wapinzani. Icilda alimfuata msimamizi wa kituo, akaapa kwamba huyu si mkazi. Linval alirudishwa huku watu wakimcheka. Chama cha Icilda kilishinda kwa kura moja. Mbunge mwenyewe walimwona mara mbili tu, kisha akaangushwa. Linval hakurudi tena katika nyumba ya mama.

Merlene, mkewe Linval, ndiye aliyefungua mlango.

"Wifi. Leo umeikumbuka njia?" alisema. "Haya, ingia. Kiharusi kimemmaliza."

Linval alikuwa amelala chali, mdomo umepinda upande mmoja.

"Harker wameifuta, kaka," Icilda alisema. "Haipo tena."

"Na kura yangu?" Ulimi ulikuwa mzito. "Nayo wameifuta wao?"

"Ile niliifuta mimi. Nilijua umehama kwa muda tu. Nilijua, na bado nikaapa."

"Nami nilijua kuwa unajua." Akageukia ukutani. "Merlene, mpe supu. Ametembea mbali."

Icilda aliinywa supu ya viazi vikuu peke yake jikoni, machozi yakimdondokea bakulini. Tangu hapo alikuwa akija kila siku. Linval alikubali kulishwa na kugeuzwa, ila neno la kusamehe hakulitoa. Alifariki Oktoba, wiki moja kabla ya uchaguzi.

Siku ya kura, gari la chama lilisimama nje kwa Merlene.

"Bi Pinnock, panda twende," dereva aliita. "Safari hii tunabanana nao sana."

"Nenda tu, mwanangu," Icilda alijibu bila kuinua kichwa. "Mimi nafua."

Akaendelea kusuuza mashuka ya Linval, na Merlene akashika ncha ya pili wakayakamua.