Kiti cha Geesje

Siku ya kuzaliwa huku kwetu Groningen, Uholanzi, haina ngoma. Tunapanga viti duara sebuleni, kila mtu anapewa kahawa na kipande cha keki, kimoja tu, usiombe cha pili. Anayeingia huwapa mkono wote walioketi, hata jirani, na kuwaambia hongera. Fenna alipotimiza miaka saba tulikaa hivyo hivyo, na kiti cha mama yake, Geesje, kikaanza kurudi nyuma.

Kilirudi taratibu, mwenyewe amekikalia. Kilipita kabati, kikatoka mlango wa uani.

"Funga mlango basi, we Geesje," alisema shangazi Trijntje. "Baridi inaingia!"

Geesje huosha wazee majumbani. Wenzake waliacha kazi, wazee wao akarundikiwa yeye, na chakula cha mchana anakula juu ya baiskeli. Zamani alikuwa mcheshi huyo! Siku hizi ukimgusa bega anaruka.

Alikwenda kwa daktari. Walizungumza kwa kupaza sauti, maana kiti cha daktari nacho kilikuwa kimerudi nyuma mpaka mwisho wa korido.

"Ubongo ukiishi na hofu muda mrefu hubadilika, mama! Njia ya kuwaendea watu imeota majani. Ya kuwakimbia imekuwa barabara kuu. Mtu akikuchekea, wewe unaona meno tu."

"Dawa yake?"

"Pumzika!"

"Na mzee Wiebe nani atamwosha?"

Daktari akaita mgonjwa mwingine.

Fenna alipotimiza minane, kiti kilivuka bustani na mtaro, kikasimama katikati ya shamba la viazi sukari. Sebuleni pengo lilibaki, na duara lenye pengo halipendezi, kwa hiyo tukasogea likazibika. Mungu atusamehe, tulisogea bila hata kuambizana.

Mtoto hakuketi. Alichukua keki ya mama yake, akapanda baiskeli, akakanyaga pedali kwa nguvu zake zote. Shamba likazidi kurefuka.

"Mama, usiende! Kaa hapo hapo!"

"Nimekaa, mwanangu," Geesje alijibu huku analia. "Sijainuka."

Ndipo simu yake ikalia. Alikuwa msimamizi wake wa kazi, na sauti yake tuliisikia mpaka sebuleni, kana kwamba amekaa nasi.

"Geesje, dada yangu, mzee mmoja tu wa ziada. Hutaniangusha, eh?"

"Nakuja," alisema Geesje, na kiti kikamchukua upesi kuelekea mjini.

Fenna alirudi na keki ikiwa nzima. Tulimpa mkono tena, mmoja mmoja, hongera, hongera. Akaketi na sahani mapajani, macho makavu. Shangazi Trijntje aliponyoosha mkono amfute tope shavuni, mtoto aliruka, na kiti chake kikarudi nyuma kidogo.

Tukasogeza vyetu, pengo likazibika.