Vidonge vya Kokushubila

Jumanne ya tarehe kumi na moja Machi 2025, saa nne asubuhi, inhela ya Mzee Gozbert iligoma. Alikuwa Tabata, uani kwa watu, anashusha viti vya kukodisha kwa ajili ya arobaini ya marehemu mmoja, pumu ikamkaba. Akavuta mara mbili. Akavuta mara nne. Dawa aliisikia kabisa, chungu kooni, lakini pumzi wapi!

"Feki hiyo," alisema kwa taabu. "Wakubwa wamekula hela, sie wanatuletea hewa."

"Hata kufa unataka ufe na siasa!" Mwinshehe, mshirika wake wa biashara, alimsukumia kwenye bajaji. "Nyie Wahaya mtaringa mpaka jenezani. Nyamaza, tunza pumzi."

Tangu amzike mkewe Kokushubila, miezi minane nyuma, Gozbert hakuwa na neno jema kwa mwenye cheo yeyote. Mkewe alifia hospitali akihema, nao wakaandika kwamba moyo umesimama. Kwani kuna maiti ambaye moyo wake unatembea? Gozbert shule aliishia darasa la nne, lakini hilo hata kuku analijua.

Kwenye zahanati walimkuta tabibu mmoja, binti wa Kizaramo, Mwanakombo. Akamwamkia shikamoo, akamvalisha barakoa ya mashine inayotoa mvuke wa dawa ileile ya inhela. Haikusaidia. Kifua kikazidi kupiga filimbi. Binti hakuongeza dawa. Alisimama, akamtazama.

"Baba, ukiacha hii, unameza nini kingine?"

Gozbert akatikisa kichwa: simezi kitu.

"Muongo!" Mwinshehe alidakia. "Na kile kidonge unachomeza na chai?"

Mzee akainamisha uso. Kokushubila alikuwa anatumia vidonge vya kutuliza moyo uendao mbio, na alipokufa vikabaki kwenye kopo la siagi. Wiki mbili hizi moyo wa Gozbert nao ulikuwa ukidunda ovyo kila akiiona kanga ya mkewe mlangoni, basi akawa anameza kimoja kila asubuhi. Kutupa dawa ya mtu uliyemuuguza, nani ana mkono huo? Pakiti ya vidonge ilikuwa mfukoni mwa shati, upande wa moyo; akaitoa, akaeleza ilikuwa ya nani.

Mwanakombo aliisoma, akabadilisha dawa ya kwenye mashine. Hazikupita dakika ishirini, kifua kikalegea kama turubai lililofunguliwa kamba.

"Nyie mnakodisha viti," alisema binti. "Basi na kwenye mapafu kuna viti, vidogo sana. Dawa ya inhela ikikaa pale, ndipo njia ya hewa inapanuka. Sasa kidonge cha mama kilitangulia. Hakipanui kitu, kimekaa tu. Inhela yako si feki, baba. Imefika ikakuta pamejaa."

"Wale wasiochanga, halafu wanakaa mbele," alisema Mwinshehe.

"Na hii uliyonipa imekaa wapi?" Gozbert aliuliza.

"Ina viti vyake vingine, upande wa pili wa ukumbi."

"Na huyo mgeni anaondokaga saa ngapi?"

"Kesho, keshokutwa. Ila usimletee wenzake. Moyo wako tutaupima, tujue unataka nini."

Gozbert alitafuta neno la kulaumu, kwa mazoea, asilipate. Alimshika binti mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie. Wanaoandika nimewaona wengi. Anayeuliza nimekuona wewe."

Akailainisha ile pakiti kwa kidole gumba, akamwachia. Ilimchukua muda kuiachia.

Mlangoni akasimama. Alikumbuka wiki ya mwisho ya Kokushubila, kifua chake kikipiga filimbi hiihii, na yeye Gozbert akimwekea mdomoni inhela anayotumia mwenyewe, asubuhi na jioni. "Haifanyi kitu, baba Praygod," mkewe alikuwa akisema, kisha anameza kidonge chake cha moyo, kwa utii, kama alivyoelekezwa. Kule hospitali madaktari waliandika. Gozbert alikaa kwenye benchi akilaani serikali, wala habari ya vidonge na inhela haikumtoka mdomoni.

Akageuka. Mwanakombo alikuwa bado ameshika pakiti.

"Mwanangu," alisema, "na yeye, kuna aliyemuuliza?"