Hati ya Pamoja ya Wodi ya Wazazi

Siku mwalimu wa ukunga alipoileta ile hati ya pamoja ya mtandaoni darasani, wanachuo walimwona kama kachanganyikiwa. Chuo chenyewe hakina hata wino wa printa, projekta inawaka siku ikijisikia, halafu mtu anakuja na habari za watu ishirini kuandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, kila mtu na simu yake! "Ni bure," aliwaambia, na hapo ndipo walipotega masikio. Kila anayetoka zamu wodini aingie, aandike alichokiona na alichokifanya. Mwenzake asome, aulize, aongezee. Akikosea asione haya, wote ni wanafunzi.

"Na mtu akifuta ya mwenziwe je?" mmoja aliuliza.

"Afute tu, atajiumbua mwenyewe." Akawaonyesha historia ya mabadiliko: nani kaandika nini, saa ngapi, nani kafuta. "Humu hakuna kinachopotea. Andikeni bila woga."

Na waliandika, jamani! Binti aliyekuwa anashindwa kujibu swali darasani, mdomo mzito kama kafungwa uzi, kwenye hati alimwaga mambo mpaka mwalimu akashangaa. Wakakosoana, wakataniana. Aliyetaniwa zaidi ni binti mwingine, waliyempa jina la Dakika, kwa sababu hakuwahi kuandika "asubuhi" au "baadaye". Kwake kila kitu kilikuwa na saa yake na dakika yake. "Dakika, leo chai umekunywa saa ngapi na dakika ngapi?" wenzake walimwandikia pembeni, na yeye akawajibu, bila kucheka, saa na dakika. Mwalimu alimpenda yule binti. Usinielewe vibaya, alikuwa na wengine hodari kuliko yeye, lakini Dakika ndiye aliyekuwa anafanya kile alichofundishwa, vilevile kama alivyofundishwa.

Ikaja Jumanne moja. Mama aliyejifungua alfajiri, uzazi wake wa pili, mtoto mzima na sauti kubwa, akaanza kutoka damu isiyokatika. Dakika alikuwa zamu. Alichokiandika mchana ule mwalimu alikisoma mara nyingi mpaka kikamkaa kichwani:

"Saa nne na dakika saba: nimebadilisha kitambaa cha tatu, kimeloa chote. Nimemwambia sista. Amesema damu ya uzazi ni kawaida. Saa nne na dakika ishirini na sita: nimemwambia tena. Amesema nisimfundishe kazi. Saa tano kasoro dakika nne: mgonjwa anasema anasikia baridi. Nimemfunika. Nimemwambia sista mara ya tatu, nikaomba daktari aitwe. Ameniambia nikapange vyombo. Saa tano na dakika thelathini na moja: daktari amekuja. Saa sita kasoro dakika kumi: mgonjwa amefariki."

Chini yake mwenzake mmoja alikuwa ameandika, "Pole, dada." Hakukuwa na utani siku ile.

Huyo sista alikuwa msimamizi wa wodi, mtu wa miaka ishirini na tano kazini, ambaye hata madaktari vijana walimwamkia kwa adabu. Daftari la wodi lilikuwa mikononi mwake, na katika daftari hilo kulikuwa na sentensi moja tu kuhusu kifo kile: mwanafunzi hakutoa taarifa kwa wakati. Ndugu wa marehemu walipokuja juu, hospitali ikawaonyesha hiyo sentensi. Sista alimtupia binti wa watu mzigo mzima, tena akalala usingizi.

Ijumaa mkuu wa chuo alimwita mwalimu ofisini. Barua ya hospitali ilikuwa mezani.

"Wanasema mwanafunzi wetu alikaa kimya."

"Hakukaa kimya, Mkuu. Alisema mara tatu. Nimesoma kwa macho yangu kwenye hati yetu."

Mkuu alichezea kifuniko cha kalamu. "Mwalimu wangu, tuna wodi ngapi za kufundishia ukunga?"

"Moja."

"Wakitufungia hiyo moja, hawa watoto watajifunzia wapi? Watazalisha mito ya kulalia?" Alisema bila ukali, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mimi mambo ya mtandao siyajui. Sikwambii ufute, wala sikwambii usifute. Ninachojua ni kwamba kikao ni Jumatatu na watu wa hospitali watataka kuiona hiyo hati. Huyo binti, kwa ninavyoona, atapewa onyo tu la maandishi. Onyo haliui mtu."

Jumamosi nzima mwalimu alizunguka nyumbani, anaanza kazi hii, anaiacha, anaanza ile. Jumapili saa kumi jioni, watoto wake wakicheza uani, alifungua laptopu mezani na kutengeneza nakala ya hati. Nakala haiji na historia ya hati ya mwanzo. Hilo alilijua vizuri kuliko mtu yeyote chuoni. Katika nakala akaondoa mistari yote ya Dakika ya Jumanne, na lile "Pole, dada" nalo akaliondoa. Ile yenyewe hakuifuta, roho hiyo hakuwa nayo. Aliwatoa watu wote, akabaki humo peke yake, akaibatiza jina la "zamani". Alijiambia anaiweka akiba, mambo yakipoa atamtetea binti. Akiba gani hiyo, nawauliza? Mtu anazama, wewe boya unalifungia kabatini!

Jumatatu asubuhi, kabla ya kikao, wanachuo kumi na tisa waliitwa mmoja mmoja. Wote walikuwa wameisoma ile mistari, wengine zaidi ya mara moja. Wote, kwa zamu, walisema hawakumbuki vizuri. Walikuwa wamebakiza miezi mitano wamalize. Hata aliyeandika "Pole, dada" alisema hakumbuki.

Kikao kilikaa kwenye chumba cha walimu. Mkuu alikaa kichwani mwa meza, kulia kwake bwana mmoja wa utawala wa hospitali na sista msimamizi, kushoto mwalimu na laptopu yake iliyounganishwa na projekta. Siku hiyo projekta iliwaka mara moja, bila hata kupigwa kofi. Dakika aliingia na sare iliyonyooka kwa pasi, akaamkia kila mtu, na alipofika kwa mwalimu akatabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Hilo ndilo lililomkata mwalimu maini.

Sista alisema yake, kwa ufupi, akiangalia meza. Mkuu akamgeukia Dakika.

"Mimi nilisema mara tatu," Dakika alijibu. "Na niliandika siku ileile. Iko kwenye hati. Leo asubuhi nimejaribu kuingia imegoma, nikajua ni bando limekwisha. Mwalimu anayo."

Mwalimu akafungua nakala. Ukutani ikaja Jumatatu ya wiki ile, kisha Jumatano. Katikati palikuwa na maneno ya mwenzao mwingine kuhusu kunawa mikono.

Dakika alisogea karibu na ukuta kama mtu asiyeona vizuri. "Wameifuta," alisema. Halafu akamgeukia mwalimu, tena kwa matumaini, masikini, "Mwalimu, bonyeza historia. Utaona nani kafuta."

Chumba kizima kilimtazama mwalimu. Akabonyeza. Upande wa kulia wa ukuta ikatokea tarehe moja tu, Jumapili, saa kumi na dakika kumi na mbili jioni. Chini yake jina moja tu, na jina hilo lilikuwa lake.

Bwana wa hospitali hakuelewa kitu. Mkuu alielewa, akakohoa na kufungua faili. Dakika alilisoma lile jina, akasoma tena ile saa. Uso wake haukubadilika haraka. Ulibadilika polepole, na mwalimu alilazimika kuushuhudia wote.

"Mwalimu," alisema kwa sauti ndogo, "ile yenyewe iko wapi?"

Ilikuwa mle mle ndani ya laptopu. Kubonyeza mara mbili tu, isingefika hata nusu dakika, na ukuta mzima ungejaa vitambaa vilivyoloa na yule mama anayesikia baridi. Mwalimu alifungua mdomo. Aliwaza wodi moja, aliwaza wanachuo kumi na tisa, na tuseme ukweli, aliwaza pia lile jina lake na nini kingempata yeye.

"Iliyopo ni hii," alisema.

Dakika hakulia. Alisimama wima na kuanza kuisema kwa kichwa, "Saa nne na dakika saba, nimebadilisha kitambaa cha tatu," mpaka mwisho, hakuruka hata dakika moja. Sista alikuwa ameinama, anakunja na kukunjua pembe ya barua. Dakika alipomaliza, bwana wa hospitali aliuliza, kwa upole kabisa, kama kuna maandishi yoyote ya hayo. Mkuu akasema hakuna.

Lile onyo la maandishi halikutajwa. Dakika aliondolewa chuoni siku ileile, na jina lake likapelekwa kwenye baraza la wauguzi na wakunga, kwamba asipokelewe chuo kingine cha ukunga.

Nje, kwenye benchi la korido, shangazi yake alikuwa anasubiri na begi miguuni. Mwalimu alipotoka, yule mama aliinuka, akaushika mkono wake kwa mikono miwili.

"Mwalimu, ahsante. Mtoto amenisimulia tangu siku ile kwamba wewe ndiye mtetezi wake. Imeshindikana, lakini najua umempigania. Mungu akulipe."

Mwalimu alimtazama Dakika, akasubiri aseme. Alitamani aseme. Angemtukana, angemtemea mate, angalau angekuwa amelipa kitu. Dakika alichukua begi miguuni mwa shangazi yake. "Twende, shangazi," alisema, na hakugeuka nyuma.

Wiki iliyofuata mwalimu aliwapa wanachuo kiungo cha hati mpya. Wakaingia wote kumi na tisa, bila kusukumwa, na saa nane mchana alisimama mbele ya darasa akiangalia ukutani jinsi mistari inavyojitokeza. "Zamu ya asubuhi: hakuna tukio." Mwingine chini yake: "Zamu ya asubuhi: hakuna tukio." Zikashuka hivyo mpaka mwisho wa ukurasa. Hakuna aliyeuliza swali, hakuna aliyemtania mwenziwe pembeni. Asubuhi ileile mzazi mmoja alikuwa ameanguka kutoka kitanda cha dirishani, chuo kizima kilishasikia, na waliokuwa zamu walikuwa wamekaa mstari wa mbele.

"Nani alikuwa upande wa dirishani leo?" aliuliza.

"Mimi, mwalimu," alijibu yule binti aliyeandika "Pole, dada".

"Hakuna ulichokiona?"

"Hakuna, mwalimu." Alimwangalia usoni moja kwa moja, wala hakuwa na jeuri. Alikuwa anasubiri kuambiwa kama jibu ni sahihi.

Mwalimu alikaa. Alishuka mpaka chini ya mstari wa mwisho, akaandika neno ambalo kila mwalimu huandika mwisho wa kazi, "Vizuri," na kote darasani kumi na tisa wakaangalia simu zao likitokea, herufi moja moja.