Meya Hapewi Mgongo

Mzee Tiang alipoona utepe mwekundu umebandikwa sakafuni, mistari mitatu iliyonyooka ya kusimamia, ikikabili kiti cha Meya, alijua siku imeharibika.

Wavulana kumi wa shule ya mlimani, wote wa kabila la Wabunun, walikuwa wameitwa ukumbi wa jiji kupewa tuzo ya kwaya. Miaka miwili alikuwa akiwafundisha wimbo wa uwele. Wimbo huo huimbwa kwa duara, nyuso ndani, mikono imefungamana migongoni, sauti zikipanda polepole mpaka zikutane juu. Ukiuimba kombo, uwele hutoa mapepe, masuke yasiyo na punje. Hilo kila mtu wa kwao analijua.

Alimweleza Bwana Lin, kijana wa itifaki, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jibu lilikuwa lilelile: Meya hapewi mgongo. Kisha Lin akauliza kama duara haliwezi kufunguliwa upande mmoja tu.

“Chungu ukikitoboa ubavu, mwanangu, utapikia nini?”

Lin akacheka, akatazama saa.

Langui, mjukuu wa Mzee Tiang na mwalimu wa watoto hao, akamvuta mzee kando. Alimkumbusha kwamba wazazi wote kule mlimani wanangoja picha.

“Babu, leo tu. Meza tu.”

Akameza.

Meya akachelewa saa nzima, halafu akahutubia nusu saa juu ya kuenzi mila. Wavulana wamesimama kwenye utepe kama chupa dukani. Biung, mwenye sauti nzito kuliko wote, alipoanza, mkono wake ulitafuta mgongo wa mwenzake ukakuta hewa. Basi sauti hazikusikizana. Moja ilipanda peke yake, nyingine ikachoka njiani. Mzee akangoja walau mtu mmoja akunje uso. Ukumbi mzima ukasimama, ukapiga makofi. Hapo ndipo alipoumia. Afadhali wangezomewa.

Nje, basi lilikuwa linanguruma. Mzee akagoma kupanda. Alisema wimbo ulioharibika haurudishwi nyumbani hivyo hivyo, maana shamba la nani litaupokea? Dereva akanung'unika kuhusu ukungu wa barabara ya mlimani. Langui akamtazama babu yake, akamwomba dereva asubiri kidogo.

Biung akaiweka tuzo kwenye ngazi ya basi. Wakafunga duara palepale, katikati ya magari, mzee akiwa mmoja wao. Sauti nzito ikalala chini, nyingine zikaikalia, zikapanda, zikapanda.

Lin akaja mbio na mpiga picha.

“Mzee, hii ndiyo yenyewe! Waambie wageuke huku kidogo, Meya anashuka.”

Mzee Tiang alimsikia vizuri. Mikono ya watoto ilikuwa imemkaza mgongoni. Hata angetaka kugeuka asingeweza, na hakutaka. Bwana Lin akalizunguka lile duara mara mbili, akitafuta uso wa kupiga picha.